Wadudu wa Kuazima

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko zile siafu ulizonikataza kuzikanyaga tulipokuwa watoto. Kifua kinaendeleaje? Lile vumbi la machimbo bado linakukohoza, au ulipata kitambaa cha kujifunga puani kama Mama alivyokuagiza? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, mimi ni mzima, na paka amezaa tena juu ya koti lako la mvua bila kumwomba mtu ruhusa. Hofu yetu ni juu yako tu uliye mbali na mikono yetu, unayepikiwa na watu wasiojua kwamba chumvi ikizidi kidogo wewe unasukuma sahani.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na najua umeshaanza kusema kwamba mdogo wako amekuwa mvivu wa kalamu. Si uvivu. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nilifika kwenye swali lako nikaikunja. Umeliweka mwishoni kabisa, mistari miwili ya herufi ndogo, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: je, ni kweli ulikosea kuhusu lile jani? Unasema siku hizi hata wewe mwenyewe huna hakika na ulichokisikia bondeni. Huenda masikio yako yalikuwa yakitetea kazi yako, kama watu walivyosema mkutanoni. Nitakujibu, Kaka. Ila naomba unisome taratibu, kwa mpangilio, usirukie mwisho. Ukirukia mwisho utaichana karatasi hii kabla hujajua Mama amekutumia nini.

Basi nianze na Mama. Kila alfajiri yuko kwenye bustani yake ya maboga na unyoya wa kuku mkononi, anagusa ua dume, kisha anagusa ua jike, anasonga mbele. Maboga yanachanua vizuri na majani yake ni mapana kama sinia, lakini vitunda vikifika ukubwa wa kidole gumba vinageuka manjano na kuanguka. Nyuki wapo, tunawasikia, ila wote wamehamia upande wa pili wa ukuta kwenye yale maua ya zambarau ya lile jani, Mgeni Njoo. Wale nyuki weusi wanene uliokuwa ukiwaita madereva wa malori hatujawaona tangu mwaka juzi. Ndiyo maana Mama ameshika unyoya. Anasema uzeeni amekuwa mshenga wa maboga, na kwamba washenga wa zamani angalau walikaribishwa chakula. Kwa maua yote aliyoyaposea, msimu huu limekomaa boga moja. Nilimwambia moja si haba. Akanijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini haba moja peke yake inabaki haba.

Hajawahi hata siku moja kusema kwamba ulikosea. Jirani yetu fundi cherehani akikutaja kwa kejeli, Mama humwambia apime nguo aache kupima watoto wa watu.

Bonde ulilolifyeka usingelijua tena. Visiki mlivyovikata wewe na genge lako, vile mlivyokuwa hamjafika kuving'oa mizizi, kila kimoja kimechipua fimbo tano au sita. Njia ya kushukia mtoni imezibwa, tunapita kwa kuinama kama wezi. Unakumbuka watu walivyolipa jani hilo jina kwa utani, siku lilipopandwa kuzunguka ofisi za halmashauri kwa ajili ya maua yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja kweli. Ametoka uani kwa halmashauri, amevuka barabara, amelala bondeni kote, na mwenyeji hajapona. Majani yake hakuna kiwavi wa hapa anayeyala. Yakianguka yanalaliana chini, makavu, yana harufu kama ya dawa, na nyasi zinafia humo. Nyasi zikifa panzi wanakwenda, na panzi wakienda wanawafuata vunjajungu na buibui waliokuwa wakiwawinda. Hayo nimeyaandika kwa lugha ya kituo chetu cha kuhesabu wadudu, lakini ulikuwa ukiyasema wewe kwa lugha yako, ukikaa kizingitini unafuta panga, unatuambia kwamba leo tena mmefyeka mahali palipokuwa kimya.

Sasa nije kwa Mzee wa Vikombe, maana ndiye mwenye habari kubwa. Miaka ishirini na mmoja amekuwa akifukia vikombe vya plastiki bondeni, mdomo wa kikombe sawasawa na uso wa ardhi, ili mdudu anayepita kwa shughuli zake atumbukie. Siku ya tatu tunavitoa. Watu walizoea kumuuliza kama anasubiri ardhi immiminie chai, naye alikuwa akijibu kwamba ataanza na sukari. Mimi kazi yangu unaijua: meza karibu na dirisha, trei nyeupe, kibano, hadubini, vichupa vya spiriti na daftari. Namwaga kikombe kwenye trei, natenga sisimizi huku, jongoo huku, tandu, nge, mbawakawa kwa aina zao, nahesabu, naandika, natia kwenye vichupa, nabandika lebo. Vichupa vinapangwa rafuni mwaka kwa mwaka. Mimi niliyeacha shule njiani, nisiye na cheti hata cha kushona, Mzee ndiye aliyeniketisha kwenye meza ile akaniambia kwamba macho yangu yana subira. Hakuna mtu aliyewahi kunisifia kitu kabla ya hapo, isipokuwa wewe.

Nawe unamkumbuka Kinyozi. Ni yule mbawakawa mdogo mweusi, hafikii ukubwa wa punje ya mchele, mwenye meno mawili mbele yanayokutana kama mkasi. Alikuwa akikata nyasi chini kabisa, na Mzee alikuwa akilala kifudifudi saa nzima kumtazama. Hakuonekana popote pengine ila kwenye nyasi za bonde letu, na vitabuni hayumo. Mzee alikuwa na nia ya kuwaandikia wataalamu wampe jina rasmi, lakini kila mwaka alisema asubiri kwanza, bado hajajua anataga wapi. Kwa hiyo jina lake likabaki hilo la utani tulilompa sisi.

Kisha macho ya Mzee yakaingia mtoto wa jicho. Yote mawili. Miaka minne amekuwa akiona ukungu tu, anatambua watu kwa sauti na vichupa kwa kuvigusa. Mimi nikawa namsomea hesabu ya kila mwezi, yeye ananiambia la kuandika katika ile taarifa ya mwaka ambayo halmashauri ilikuwa ikiisubiri. Na kwa taarifa hiyo, kila mwaka, genge lako lilikuwa likiendelea na kazi.

Mkutano wa mwaka jana sina haja ya kukusimulia, ila nausimulia kwa sababu yangu. Mwenyekiti wa halmashauri alisimama akasoma taarifa ya Mzee, kwamba wadudu wa bonde wameuzoea mmea mgeni na idadi yao haijapungua, na kwamba kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuendelea kufyeka. Ukainuka wewe, na nguo zako za kazi. Uliwaambia kwamba umekaa chini ya kichaka kile ukala chakula chako cha mchana, ukadondosha punje makusudi, ukangoja, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyekuja kuichukua. Ukumbi ukacheka. Mtu mmoja akauliza tangu lini binadamu analalamika kwamba hakuumwa. Mwenyekiti akasema anaelewa uchungu wa nyapara anayepoteza kazi, lakini njaa isisemee wadudu. Ndipo ulipogeuka ukanitafuta kwa macho katika safu ya nyuma. Ulisema, “Karani, wewe ndiye unayehesabu. Waambie.”

Nilikuwa na daftari mapajani. Nikasimama, nikasema kwamba namba ni hizo zilizoandikwa. Nikakaa.

Hukunilaumu. Jioni ile ulikula, ukaniambia tu kwamba labda mimi naona vidogo ambavyo wewe huvioni. Wiki iliyofuata ulifunga begi. Wenzako saba wa genge wametawanyika nao, mmoja anabeba mifuko sokoni, wengine sijui waliko.

Habari kubwa yenyewe ni kwamba zamu ya Mzee hospitalini ilifika, na miezi miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji. Upasuaji ulifaulu. Siku aliyofunguliwa bandeji alikuja moja kwa moja kituoni kwa miguu, anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani kama mtoto wa darasa la kwanza. Alimwambia mlinzi wa geti kwamba amezeeka vibaya, wakacheka wote wawili. Mimi nilimsikia kutoka mezani kwangu. Kaka, kila mtu pale alifurahi, na mimi nilitamani ardhi ipasuke, kwa maana wakati huo nilikuwa najua jambo ambalo wewe ulikuwa hulijui, wala yeye.

Hapa ndipo nilipokuwa nikiikunja barua.

Ilianza siku Mzee aliyorudi kutoka hospitalini mara ya kwanza, miaka minne iliyopita. Walikuwa wamemwambia jicho la kushoto limekwisha kufunikwa, la kulia linafuata, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Aliingia chumbani akipapasa kizingiti kwa mguu. Nilikuwa nimemaliza kupanga wadudu wa mwezi ule. Hakuuliza habari za panzi wala buibui, aliuliza lile alilouliza kila mwezi, kama Kinyozi wake yupo. Hakuwepo. Nilikuwa nimemwaga vikombe vyote ishirini na vinne, nikamtafuta mpaka macho yakaniuma, na kwa mara ya kwanza hakuwepo hata mmoja. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwona alivyokaa, miwani mkononi, anasugua vioo ambavyo havikuwa na faida kwake tena.

“Wawili,” nikasema.

Akatabasamu, akafungua kopo lake la chakula, akala. Hakuna zaidi ya hapo. Hakuna mtu aliyenilipa wala kunitisha. Nilimhurumia mzee, basi.

Lakini kazi yetu ina sheria: ukiandika wawili, lazima kiwepo kichupa chenye wawili. Kwa hiyo nilikwenda kwenye rafu ya mwaka wa kwanza, ambako Kinyozi walikuwa wamejaa kama ufuta, nikachukua wawili, nikawatia kwenye kichupa kipya, nikabandika lebo ya mwezi ule. Nilijiambia kwamba nimewaazima, mwezi ujao wakirudi wa kweli nitawarudisha hawa. Mwezi uliofuata hawakurudi. Na mwezi huo alikuwa amepotea pia yule buibui mwenye mgongo wa njano, na nge mdogo, na jongoo wa aina mbili. Ningesemaje Kinyozi yupo na wenzake wote wamehama? Nikawaazima na wao. Mwaka wa pili nilikuwa naazima wengi kuliko ninaowakuta. Mwaka wa tatu, Kaka, nilikuwa namwaga vikombe dirishani bila hata kuvitazama vizuri, kisha nakaa na vichupa vya zamani najipangia mwezi wangu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi niliivisha bonde zima.

Usidhani Mzee alidanganyika kirahisi. Miaka kumi na saba alikuwa ameandika kwamba jani lile linaua. Nilipomsomea namba zangu mwaka wa tatu, baada ya miwili ya kusema tungoje kwanza, aliniuliza mara tatu kama nina hakika, akanishika mkono akaniuliza tena. Nikasema ninayo. Akasema kwamba mtu anayependa maoni yake kuliko hesabu afunge duka aende nyumbani. Akaniamuru niandike kwamba wadudu wameuzoea mmea mgeni na kwamba yeye alikosea miaka yote. Aliunyenyekea uongo wangu kama mtu mwaminifu anavyounyenyekea ukweli. Mimi ndiye niliyeandika sentensi ile kwa mkono wangu, nikajua vizuri itasomwa wapi na itamfukuza nani kazi. Nilijua, Kaka. Sitaki ufikiri kwamba sikujua. Nilikaa na jambo hilo wiki nne kabla ya mkutano, nikila meza moja nawe. Kila siku nilipanga kusema kesho, kwa sababu kusema ilikuwa kumwambia kipofu kwamba kitu alichobaki nacho duniani nilikitengeneza mimi kwa kibano.

Sasa yule kipofu alikuwa mlangoni, na macho.

Kabla ya kukaa alikwenda dirishani. Mara ya mwisho alipoliona bonde lilikuwa nusu nyasi, nusu zambarau. Alisimama pale muda mrefu, mgongo umenielekea. Kisha akaja kwenye hadubini, akaniomba vichupa vya miezi ya karibuni. Nikampa. Ningefanya nini? Akamwaga cha kwanza kwenye kisahani, akainama. Mdudu aliyekaa ndani ya spiriti miaka ishirini rangi yake hufifia ikawa ya chai iliyochujwa mara mbili, na yeye alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimgeuza mmoja kwa ncha ya sindano, akamgeuza tena.

“Huyu nilimvunja kipapasio mimi mwenyewe,” akasema. “Mwaka wa kwanza. Mkono ulitetemeka.”

Nikamweleza yote, nikisimama, kama ninavyokuandikia. Nilikuwa nimejiandaa aulize kwa nini. Nilikuwa na jibu la kwa nini, nimelala nalo miaka minne. Hakuuliza. Aliuliza ni wepi nimewatoa wapi, aina gani, kichupa gani, wangapi. Sikuwahi kuandika. Mtu anayeazima kwa siri haweki kumbukumbu, na mimi nilikuwa nimechota huku na kule kwa miaka minne, wa mwaka wa tatu nikamtia mwaka wa ishirini, wa mwaka wa tisa nikampeleka kwingine, nikiona nafasi imekuwa wazi sana naijazia kutoka jirani yake. Nilimwambia sijui. Akarudia swali polepole, kana kwamba sikulisikia. Nikasema sijui, Mzee.

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa nilichofanya. Nilikuwa nikidhani nimeharibu miaka minne. Nimeharibu ishirini na mmoja. Rafu ile ilikuwa ndiyo mahali pekee palipobaki ushahidi wa nini kiliishi bondeni kabla ya Mgeni Njoo, nami nimeichanganya kama mtu anayechanganya mifupa ya makaburi. Alivirudisha vichupa rafuni kimoja kimoja, lebo imeangalia mbele, kama alivyonifundisha siku ya kwanza.

Baada ya siku tatu tulishuka bondeni wote wawili kuvitoa vikombe. Alitaka kuviona mwenyewe. Tulitambaa chini ya matawi, yeye mbele, na nakuapia Kaka, nilisikia kile ulichokisikia wewe. Nyenje hakuna. Panzi hakuna wa kuruka mbele ya mguu. Kilichosikika ni majani makavu chini ya magoti yetu na pumzi ya mzee. Kikombe cha kwanza kilikuwa na maji ya mvua na jani moja. Alikiinua kwenye mwanga, akakizungusha, akanipa.

“Andika sufuri,” akasema.

Nikaandika. Cha pili, sufuri. Cha tatu kilikuwa na sisimizi wanne, wale wadogo wekundu wanaoishi hata kwenye soketi za umeme. Cha sita kilikuwa na mende wa jikoni. Tulikwenda hivyo mpaka cha ishirini na nne. Katika aina mia moja na kumi na tisa tulizowahi kuzipata bondeni, zilizobaki ni tisa, nazo zote ni zile ambazo utazikuta nyuma ya kabati la mtu yeyote. Kinyozi hayupo. Mzee alipapasa chini mahali alipokuwa akilala kifudifudi zamani, akafukua majani kwa vidole mpaka akafikia udongo, na udongo haukuwa na shina hata moja la nyasi. Ameondoka bila jina, Kaka. Tuna miili yake rafuni na hatuwezi kumwambia mtu kwa hakika alikuwepo mwaka gani na akatoweka lini.

Mzee alikwenda halmashauri kuifuta taarifa yake. Hakunitaja. Alisema hesabu yetu ilikuwa na kosa na kosa ni lake. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima zote, akamuuliza waamini taarifa ipi, ya jana au ya leo, na kama anao ushahidi aulete mezani. Ushahidi ni vile vichupa. Hakuweza kuvileta. Walimshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu, wakaendelea na ajenda nyingine. Siku hizi hafiki kituoni. Ufunguo ameniachia mimi. Nilikwenda kumjulia hali, akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za Mama, hakunifokea, na nilitamani anifokee. Nilipoinuka kuondoka aliniambia jambo moja tu, kwamba yule ndugu yangu wa panga alisema kweli mbele ya watu na hajarudishiwa kweli yake. Zambarau nayo imeshavuka kilima. Juzi niliiona upande wa pili, kando ya shule, kichaka kimoja kinachanua vizuri sana, na mwalimu mkuu amekizungushia mawe meupe.

Basi jibu la swali lako ni hili. Hukukosea. Masikio yako yalikuwa mazima kuliko macho yetu sote. Katika ukumbi ule mzima ni wewe peke yako uliyekuwa umehesabu, na ulihesabu kwa punje moja ya chakula. Mimi nilikuwa najua, nikasimama nikakufanya mwongo mbele ya watu, nikarudi nikakupakulia chakula. Nitasimama mkutano ujao niseme kwa jina langu, ingawa najua wataniuliza waamini Karani yupi. Sikuombi msamaha kwenye barua, maana msamaha wa barua ni rahisi kama salamu. Nilitaka tu uache kuyashuku masikio yako.

Ndani ya bahasha utakuta mbegu saba zilizofungwa kwenye kitambaa. Ndizo Mama alizokutumia, za lile boga moja. Anasema uzipande huko, kama huko bado kuna mdudu. Fundi cherehani anakusalimu, hata kama hutaki salamu zake. Mke wa mlinzi anakusalimu. Watoto wa paka ni watano.

Nilikuwa nimefikia mahali pa kutia saini. Nimeisoma barua tangu juu, na nimekuta kule mwanzoni nimekuandikia kwamba sisi huku hatujambo. Mkono wangu uliiandika yenyewe, kama mdomo ulivyosema wawili. Siifuti, ibaki uione inavyonijia kirahisi. Lakini usiisome. Mama si mzima, Kaka. Tangu mwezi uliopita hainuki kitandani bila kushikwa, miguu imevimba, na daktari ameusikiliza moyo wake mara mbili, na mara zote mbili alinivuta nje ya mlango ndipo azungumze. Utani wa mshenga ni wake kweli, lakini aliusema msimu uliopita, lilipokomaa lile boga moja, akiwa bado na miguu. Ule unyoya naushika mimi. Kila alfajiri ananiuliza kutoka dirishani maua mangapi yameshika, na mpaka leo asubuhi nilikuwa nikimwambia mengi. Aliniapisha nisikuandikie, asikutie hofu ukiwa mbali.

Njoo.

Mdogo wako.